Kufuli Lipande Wapi?

Baiskeli ikiletwa bandani kwangu, kitu cha kwanza kutazama ni pale rangi ilipochubuka. Mwenyewe anaweza kuwa bado anafuta jasho na kunieleza kwamba cheni inaruka, mimi nimeshajua kufuli lake linakaa wapi anapokuwa njiani. Mchubuko wa mviringo chini ya kiti: mnyororo unazungushwa kwenye nguzo ya kiti. Rangi iliyolika upande mmoja wa bomba la mbele, na kengele imepinda: kufuli linaning'inia kwenye usukani. Spoku mbili tatu mpya zimesimama katikati ya zile zenye kutu: kufuli liliwahi kuingia ndani ya gurudumu, na fundi mwingine ameshakula hela yake kabla yangu. Kama hakuna alama yoyote, kufuli liko nyumbani limetundikwa msumarini, na siku baiskeli itakapoibiwa gulioni litakuwa hukohuko msumarini.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Bariadi. Banda langu liko chini ya mwarobaini, si mbali na soko, na kazi zangu nyingi ni za kawaida: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kubadilisha gololi, kukaza pedali. Watu huniuliza kufuli gani ni imara. Karibu hakuna anayeniuliza atalibebaje, na mimi naona hilo la pili ndilo linaloamua. Kufuli zito linalokugonga goti kila unapokanyaga pedali utalibeba wiki ya kwanza. Wiki ya pili utasema unaenda hapo karibu tu. Ya tatu hutakumbuka uliliweka wapi.

Ili uelewe shida ya kulibeba, lazima uijue njia yenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Tangu hapo lami imetufikia: ukielekea Maswa ni kama kilomita 50, ukielekea Lamadi, ilipo barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni kama kilomita 72. Lakini mwendesha baiskeli wa huku haishii kwenye lami. Akitoka barabarani anaingia luseni, ule mchanga wa vilimani unaozamisha tairi, kisha anashuka mbugani kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza gurudumu, na masika hugeuka gundi. Hata lami nayo ina rasta zake kila unapokaribia kijiji. Kwa hiyo kufuli linalosafiri hapa linatikiswa tangu asubuhi, linakula vumbi nusu mwaka na matope nusu nyingine. Tena halisafiri peke yake. Linasafiri na gunia la pamba, au mkaa, au madumu manne ya maji, au ndoo ya dagaa waliotoka Lamadi, au mama na mtoto.

Bahati nzuri wengi wetu tuna kufuli ambalo halihitaji kubebwa kwa sababu limefungwa kwenye fremu. Phoenix nyingi, na baiskeli nyingine za Kichina na za Kihindi za umbo hilo, huwa na lile kufuli la mviringo nyuma ya kiti, limekumbatia gurudumu la nyuma. Ukisukuma kidude chake, chuma kinapita katikati ya spoku na gurudumu haliwezi kuzunguka. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, wanalitumia sana hilohilo. Baiskeli za mtumba kutoka Japani nazo hufika nalo, ila nyingi hufika bila ufunguo. Kazi yangu ya kwanza kwa mteja aliyenunua mtumba wa Japani mara nyingi ni kukata kufuli lake mwenyewe kwa msumeno, huku wapita njia wakinitazama kwa jicho la kutaka kuita mwenyekiti wa mtaa.

Uzuri wa kufuli hilo ni kwamba hulisahau nyumbani. Ubaya wake ni kwamba baiskeli haijafungwa popote, imefungwa mguu tu. Mwizi mwenye mabega anaiinua nyuma, anaiendesha kwa gurudumu la mbele kama toroli, na mwenye pikipiki anaipakia. Waholanzi wenyewe wanajua hilo, ndiyo maana wengi wao huongeza na mnyororo. Jingine ni kwamba boliti zake mbili zinazolishika kwenye fremu hulegea kwa mtikisiko. Zikilegea, kufuli zima linashuka taratibu mpaka linakuna tairi, na mwenye baiskeli anadhani breki imeshika. Mimi nikilifunga huweka kwanza kipande cha tyubu kati ya chuma na fremu, kisha nati mbili kwenye kila boliti, moja ikiikaza nyenzake. Tangu nianze kufanya hivyo, yanayorudi kwangu yakiwa yameshuka ni machache.

Kuna jambo la ufunguo pia. Makufuli mengi ya namna hiyo hayaachii ufunguo yakiwa wazi, kwa hiyo ufunguo unasafiri umechomekwa nyuma ya paja lako. Watu wakaona hapo ndipo mahali pa kutundika funguo zote, za nyumba, za stoo, za sanduku, na kamba ya kiatu ya kuzishikia. Kamba ikiwa ndefu inafika kwenye spoku. Acha ufunguo mmoja, kamba fupi isiyozidi kidole, basi.

Sasa tuje kwa mnyororo, maana ndio unaotawala mkoani kwetu. Hardware yoyote ya hapa mjini itakupimia mnyororo wa mita moja au moja na nusu, na pembeni yake utachagua kufuli, Solex au Tri-Circle, kwa kadiri ya mfuko wako. Ukishanunua unatoka dukani, unasimama mbele ya baiskeli, na mkono wenyewe unakwenda kwenye usukani. Usukani uko karibu, una pembe, unaonekana kama umetengenezwa kutundikia vitu. Ndipo pabaya kuliko pote.

Nieleze vizuri kwa nini. Phoenix na jamii yake zina breki za vyuma, si za waya. Ukibana mkono, chuma kinavuta chuma kingine kinachoshuka kando ya bomba la mbele mpaka kwenye rimu. Mnyororo ulioviringishwa kwenye usukani unakaa juu ya vyuma hivyohivyo. Siku moja unabana breki haibanwi, au imebanwa haiachii. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba kufuli linaloning'inia linacheza. Kwenye lami linacheza kidogo, kwenye rasta linaruka, na njia ya mbugani iliyokauka inalirusha mpaka siku linapoingia kwenye spoku za mbele. Spoku za mbele zikishika chuma gurudumu linasimama ghafla, lakini wewe na gunia lako hamjasimama. Mwili unapita juu ya usukani. Gurudumu la nyuma likikwama unaburuzika na unaweza ukatua kwa miguu yako, la mbele halikupi nafasi hiyo. Niliwahi kuletewa baiskeli ya mama muuza dagaa ikiwa na foku iliyorudi nyuma hadi gurudumu lilikuwa linagusa madigadi. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba mnyororo ulikuwa pale siku zote na haujawahi kufanya hivyo. Nilinyoosha foku nilivyoweza. Meno yake mawili hayakuwa kazi ya fundi baiskeli.

Kama huna pengine kabisa, mnyororo uvuliwe kufuli, uzungushwe kwenye shingo ya usukani, pale katikati chini ya kengele, ukazwe usicheze hata kidogo, na kufuli lenyewe uliweke mfukoni. Lakini nasema hivyo kwa shingo upande.

Mahali pake halisi ni chini ya kiti. Nguzo ya kiti haizunguki, haina breki, iko katikati ya baiskeli, na uzito ukikaa hapo hausumbui usukani. Kinachowakera watu ni kelele, mchubuko na paja, na vyote vitatu vinatibiwa na kitu ambacho kila banda la fundi linakitupa: tyubu iliyokufa. Nakata tyubu urefu wa mnyororo, natoa shibri moja kila upande ili pingili za mwisho zibaki wazi kwa ajili ya kufuli. Napaka majivu kidogo ndani iteleze. Nafunga waya mwembamba kwenye pingili ya kwanza, napitisha waya ndani ya tyubu, kisha navuta. Hapo unahitaji subira na mtu wa kushika upande wa pili, na mtoto yeyote aliyekuja kujaziwa upepo bure anafaa. Ukimaliza una mnyororo uliovaa nguo. Haulii, haukwaruzi rangi, na masika hauachi kutu kwenye sketi.

Kuuzungusha nako kuna ustadi wake. Anza nyuma ya nguzo, pitisha juu kidogo chini ya springi za kiti, zungusha mara mbili au tatu ukikaza kila mzunguko juu ya uliotangulia, halafu ncha zote mbili zikutane nyuma, upande wa keria. Funga kufuli hapo nyuma, si pembeni. Likiwa pembeni litakutana na paja lako kila ukishusha mguu, na suruali itatoboka ndani ya mwezi. Likiwa nyuma linalala kwenye ile nafasi kati ya kiti na keria, mahali ambapo hata abiria hafiki. Wenye viti vilivyoshushwa mpaka mwisho hawana nguzo ya kuzungushia. Kwao naufunga chini zaidi, kwenye bomba la fremu lenyewe, ila hapo ni lazima uwe mwembamba kwa sababu magoti hupita karibu.

Kuna wenye fremu ya bomba mbili juu, zile baiskeli za kubebea mizigo ambazo bomba moja limewekwa chini ya jingine. Hao nawaonea wivu. Kati ya mabomba yale mawili mnyororo unalala umenyooka, ukafungwa kwa vipande vitatu vya mpira, na hata uendeshe mpaka Mwanhuzi hautausikia.

Vijana wa daladala wana shida yao peke yao. Huku Usukumani daladala si lazima iwe gari, baiskeli ya abiria nayo ni daladala, na hadi leo ipo mitaa ambako ni nafuu kuliko bodaboda. Keria yao ina mto wa sponji uliofunikwa rangi mbili tatu, wakati mwingine na nakshi za klabu ya mpira. Wengi huficha kufuli chini ya mto. Wazo ni zuri mpaka abiria mnene apande, chuma kinamchoma, anashuka kabla ya safari kuisha na analipa nusu nauli. Kijana mmoja ninayemtengenezea alishona mfuko wa turubai chini ya mto, upande wa mbele, pale ambapo abiria hakalii kwa sababu mgongo wa dereva uko hapo. Mfuko umefungwa kwa kifungo cha koti. Nimewashauri wengine waige, na wachache wameiga.

Kwa mwenye mizigo, keria ni mtego. Asubuhi unafunga kufuli juu ya keria kwa mpira, limekaa vizuri, unaondoka mtupu. Unapofika kiwanda cha kuchambua pamba au sokoni unapakia gunia, na kufuli liko chini ya gunia. Ukisimama njiani kunywa uji, kulifikia mpaka ushushe kilo 80 za mtu mwingine. Kwa hiyo hulifikii, unasema nitaiona kutoka hapa dirishani. Ukilazimika kutumia keria, lifunge ubavuni, kwenye nondo ya upande wa kushoto. Kulia kuna cheni. Mpira wa kulifungia uwe na upana wa vidole viwili, uvutwe kila mzunguko, na ncha yake ichomekwe chini ya mzunguko wa mwisho. Ncha iliyoachwa ikipepea nayo ina njaa ya spoku kama kamba ya funguo.

Kikapu cha mbele cha baiskeli za kike hakihitaji maelezo mengi. Weka kitambaa chini, kufuli juu yake, na ukumbuke kulitoa.

Wapo wanaoliweka mwilini. Mzee mmoja anayetoka upande wa Nkololo huvaa mnyororo wake begani na kuukatisha kifuani kama askari wa zamani aliyevaa mkanda wa risasi, na kwa kweli unampendeza. New York, Marekani, matarishi wanaopeleka barua na vifurushi kwa baiskeli wamezoea kuuvaa kiunoni kama mkanda, na kampuni moja ya Uingereza, Hiplok, imetengeneza minyororo ya kuvaliwa hivyo tangu mwanzo, yenye bizimu la kuibana kiunoni. Ujanja wao uko kwenye bizimu hilo: ukiwa umeuvaa, mnyororo haujafungwa kwa kufuli, kwa hiyo ukipata ajali unafunguka bila ufunguo. Vijana wetu wanaoiga hufunga kufuli kabisa tumboni na ufunguo wameuacha mfukoni mwa suruali iliyobanwa na mnyororo uleule. Mtu akianguka hivyo, anayekuja kumsaidia ataanzia wapi?

Mimi mwilini silipendi. Ukianguka kutoka kwenye baiskeli, udongo wa hapa peke yake ni mgumu vya kutosha, huhitaji kuongeza chuma kati yako na udongo. Kikiwa mgongoni kinatua kwenye uti wa mgongo, kikiwa begani kinatua kwenye mfupa wa shingo. Tena jasho la mwezi wa kumi likikutana na chuma kisichopakwa kitu, shati jeupe la kanisani linaandikwa pingili moja moja. Kufuli dogo tupu mfukoni ni sawa, alimradi si mfuko wa mbele wa suruali. Hapo kila mzunguko wa pedali linasugua, mfuko unatoboka, nalo linatoka kimyakimya njiani.

Lile kufuli la chuma kinene lililopinda kama herufi U huku ni mgeni. Huja na ndugu aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam, au kwenye mtumba. Ni gumu kweli. Kampuni ya Kryptonite ya Marekani, iliyoanza mwaka 1971, ilijitangaza mwaka uliofuata kwa kufunga baiskeli kwenye nguzo mtaa wa Greenwich Village, New York, na kuiacha hapo siku 30. Wezi walikwangua kila kilichoweza kutoka, lakini kufuli halikufunguka. Halafu mwaka 2004 ikagundulika kwamba baadhi ya makufuli ya kampuni hiyohiyo, yale yenye tundu la ufunguo la duara, yanaweza kufunguliwa kwa ganda la kalamu ya wino, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Kisa hicho huwasimulia wateja wanaodhani bei ndiyo usalama.

Kwa kubeba, U ni kaidi kuliko mnyororo kwa sababu halikunjiki. Lina kilo moja na ushee, na halizunguki kwenye nguzo. Huuzwa na kishikio cha plastiki cha kufungwa ndani ya pembetatu ya fremu. Kishikio hicho kimetengenezwa kwa barabara ambazo mimi sijazipanda. Njia zetu zinakivunja au kukilegeza, na U linaanguka juu ya mguu au linageuka na kukwama kwenye pedali. Tiba yangu ni ileile: kata kipande cha tyubu, kizungushe kwenye bomba mpaka unene ujae, ndipo ufunge kishikio, kisha mpira mmoja juu ya U lenyewe ukililaza kwenye bomba la chini. Kila ukilitoa unaufungua mpira, ni usumbufu wa sekunde chache. Likiwa kubwa kuliko pembetatu, lipitishe kwenye nguzo ya kiti likitazama nyuma na ulifunge chini kwenye keria.

Waya wenye namba nao upo, unauzwa rangi zote za upinde wa mvua. Kuubeba ni raha tupu: mwepesi, unajikunja wenyewe kama springi, unakaa popote. Na koleo la fundi umeme linaukata wakati wewe unasubiri chenji. Kwa mtoto anayeenda shule na baiskeli iliyochoka unafaa. Kwa Phoenix mpya, hapana.

Sasa vumbi. Kufuli linalosafiri nje ya mfuko linasafiri na tundu lake wazi. Luseni inaingia, na watu wakiona ufunguo mgumu wanamimina oili chafu ya injini. Oili inalainisha siku hiyo, kisha inashika kila punje ya vumbi inayopita, na baada ya msimu mmoja ndani kuna tope jeusi lililokauka. Kiangazi mimi natumia penseli. Nakwangua risasi yake iwe unga, naupuliza ndani ya tundu kwa bua, nazungusha ufunguo mara kadhaa. Unga wa penseli hauna unyevu wa kukaribisha vumbi. Masika ndiyo unaweza kutia tone moja la oili nyepesi ya cherehani, moja tu. Halafu kuna kifuniko: kipande cha tyubu cha upana wa dole gumba kinachovishwa kwenye kufuli na kuziba tundu. Na kila mara libebwe tundu likitazama chini, hata likiwa chini ya kiti. Maji ya mvua hayapandi. Matope ya gurudumu la nyuma ndiyo hupanda, kwa hiyo mwenye kukosa madigadi ya nyuma aniletee hiyo kwanza kabla ya kuzungumzia kufuli.

Wazee huniambia zamani hawakuhangaika na haya. Wana sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, vijiji viliunda sungusungu, walinzi wao wenyewe, na sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989. Aliyeiba baiskeli alijua kwamba yowe litapigwa na njia zote zitakuwa na watu. Vijijini bado utaona baiskeli zimeegemezwa msibani bila hata mnyororo, kwa sababu kila mtu anajua ile yenye tairi la kahawia ni ya nani. Mjini siyo hivyo tena. Maonyesho ya kitaifa ya wakulima, Nane Nane, yalipoletwa hapa kwetu Nyakabindi mwaka 2018, na yakafanyika hapo tena miaka miwili iliyofuata, watu walikuja kutoka mikoa ambayo hatujui hata salamu zake. Kwenye umati wa namna hiyo hakuna anayejua tairi la kahawia ni la nani. Pale marafiki watatu wenye mnyororo mmoja mrefu hufunga baiskeli zao pamoja, fremu kwa fremu. Mwizi anaweza kubeba moja, tatu zilizokumbatiana hawezi kuzitoa kwenye umati. Mnyororo huo abebe mmoja wao, na wapeane zamu.

Na uandike namba ya fremu. Imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya kiti au chini kabisa karibu na pedali, chini ya matope. Ukienda polisi au kwa mtendaji bila namba wala risiti, baiskeli yako na ya mwizi zinafanana.

Kilichobaki ni ufunguo wa pili. Makufuli mengi huuzwa na funguo mbili au tatu, na mtu hufikiri ule wa akiba ukae karibu na kufuli, ili siku ya shida asihangaike. Juzi niliinua kiti cha mteja nikakuta ufunguo umefungwa kwenye springi kwa uzi mwekundu, sentimita chache juu ya kufuli lenyewe. Nikamwambia, "Kaka, huu upeleke nyumbani." Akanijibu kwamba mwizi hawezi kujua kama uko hapo. Nilimwonyesha uzi. Akaenda zake, na kesho yake akarudi kuomba kipande cha uzi mweusi.